Rafadha za Kubadili kwa Motaboti ya Mashine Mbili

Wanachama wetu wa Kirongwe, kisiwani Mafia, wametuletea suali ambalo twaona lafaa lijibiwe mbele ya wanachama wote, kwani si wao peke yao wenye chombo cha namna hiyo. Motaboti wanayoitumia kwa shirika, kupeleka magunia Kilindoni na pengine kuvuka nayo mpaka Nyamisati, ina mashine mbili za kupachika, kila moja ya nguvu za farasi 40. Rafadha moja imekatika ncha kwa kugonga mwamba. Ya pili haikugonga kitu, lakini imelika kwa mchanga hata kingo zake zimekuwa kali kama wembe. Wanauliza: wanunue moja au mbili? Wanunue kubwa kuliko zile za kwanza, kwa kuwa mizigo imezidi? Na zile za chuma kinachong'aa, ambazo mwenye duka mmoja amewasifia sana, je, zastahili bei yake?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: wanunue mbili, za namna moja, za alumini, na zenye hatua fupi kuliko zile za kwanza. Lakini jibu fupi halimfai mtu asiyejua sababu yake, na boti ya jirani huenda ikataka jibu jingine kabisa. Kwa hiyo tutaeleza jambo lenyewe tangu mwanzo.

Yafaa kwanza kukumbuka kwa nini mtu hununua mashine mbili badala ya moja kubwa. Si kwa ajili ya mwendo, maana mashine moja ya farasi 80 aghalabu hukimbia zaidi kuliko mbili za 40, kwa kuwa uzito wake ni mdogo na kile kinachokokotwa majini ni kimoja. Mtu hununua mbili ili moja ikifa katikati ya mlango wa bahari, baina ya kisiwa na delta ya Rufiji, na kusi inavuma, ile ya pili imrudishe nyumbani yeye na abiria wake. Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya roho za watu. Basi mwenye boti akitia rafadha zisizofaa, mashine zote mbili huumia pamoja, kidogo kidogo, kwa ugonjwa mmoja. Na siku ya kwanza kufa, ya pili nayo huwa taabani. Amelipa gharama ya mbili na salama aliyo nayo ni ya moja.

Sasa tukubaliane juu ya maneno. Rafadha, au pangaboi kama wengi wanavyoiita, huhesabiwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara lichorwalo na ncha za mapanga yake inapozunguka. Cha pili tutakiita hatua. Hatua ni masafa ambayo rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu, kama vile skrubu inavyoingia katika ubao. Rafadha ya hatua ya inchi 13 ingesonga inchi 13 kila izungukapo mara moja. Lakini maji si ubao. Hukimbia nyuma yanaposukumwa, na kwa hiyo boti haiendi masafa yote hayo, sehemu hupotea. Upotevu huo huitwa mtelezo, na tutarudi kwake.

Watu wengi hudhani kuwa rafadha kubwa ni nguvu nyingi. Si hivyo. Nguvu hutoka katika mashine. Rafadha huitumia tu, vizuri au vibaya. Mwaka 1836 huko Uingereza, mtu mmoja jina lake Francis Pettit Smith, ambaye kazi yake ilikuwa ukulima na ufugaji, alipata hati ya kuhifadhi uvumbuzi wake wa rafadha ya skrubu. Alipokuwa akiijaribu katika mfereji, ile rafadha yake ya mti, ambayo ilikuwa ndefu kama skrubu ya kuzibulia chupa, iligonga kitu ikakatika sehemu yake. Kwa mshangao wa wote, boti ikaenda mbio zaidi kuliko kwanza. Twamtaja kwa sababu alikuwa mkulima kama sisi, na kwa sababu kisa chake hicho kingewafaa wauza duka wengi.

Vipimo vya rafadha hupigwa chapa kwenye kitovu chake au juu ya panga. Mathalan, kwenye rafadha ya Yamaha utaona maandishi kama 13 1/4 x 17 - K. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni hatua kwa inchi, na herufi ya mwisho yaonyesha jamii ya mashine ambazo rafadha hiyo yaweza kuvalishwa. Herufi hiyo isipuuzwe. Rafadha yenye herufi nyingine huenda ikafanana kwa macho na ile yako, lakini meno ya ndani hayataingia kwenye shafti, au yatakaribia kuingia, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa fundi mwenye haraka atalichukua nyundo. Watengenezaji wengine hupiga namba ya kipuri tu bila vipimo. Hapo hapana budi kutazama kitabu chao.

Kwenye rafadha za Kirongwe chapa imefutika kwa mchanga. Hilo halizuii kupima. Kwa kuwa rafadha ya mapanga matatu haina ncha mbili zinazoelekeana, kipenyo hupatikana kwa kupima tangu kati ya tundu mpaka ncha ya panga moja zima, kisha kuzidisha kwa mbili. Hatua ni kazi kidogo zaidi, lakini mtu mwenye rula na penseli aweza kuifanya nyumbani. Ilaze rafadha mezani, tundu lielekee juu. Chagua mahali penye umbali wa inchi 4 kutoka kati ya tundu, uchore hapo mstari kukata panga kwa upana wake. Pima urefu wa kila mwisho wa mstari huo kutoka mezani, na tofauti ya urefu huo ndiyo mwinuko. Kisha pima upana wa kivuli cha mstari huo juu ya meza, yaani kama panga lingelala bapa. Duara la inchi 4 kutoka kati lina mzingo wa inchi 25 na sehemu ndogo. Zidisha mzingo kwa mwinuko, ugawe kwa upana. Ikiwa mwinuko ni inchi 2.6 na upana ni inchi 5, hatua ni inchi 13. Pima mapanga yote matatu. Yakitofautiana kwa zaidi ya nusu inchi, basi rafadha imepinda hata kama macho hayaoni, na huenda ndiyo iliyokuwa ikitetemesha boti.

Lakini kujua ulichokuwa nacho si kujua unachohitaji. Rafadha ya kwanza ilichaguliwa na muuzaji siku boti iliponunuliwa, naye hakujua magunia mangapi yatapakiwa. Kipimo cha kweli ni mizunguko ya mashine. Kila mashine ina kitabu chake, na katika kitabu mtengenezaji ametaja mizunguko ambayo mashine yapaswa kufikia mafuta yakifunguliwa yote. Tuseme kitabu chasema baina ya 4500 na 5500 kwa dakika. Rafadha iliyo sawa ni ile inayoiwezesha mashine kufika ndani ya mipaka hiyo, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Maneno mengine yote, ya kipenyo na mapanga na chuma, ni ya kusaidia kufika hapo.

Ikiwa hatua ni ndefu mno, mashine hulemewa. Ni kama mtu anayepanda kilima kwa baiskeli huku amepakia gunia; anakanyaga kwa nguvu zake zote na gurudumu haligeuki. Mafuta yanaingia kwa wingi, lakini mashine haiwezi kuzunguka kwa kasi ya kuyatumia vizuri. Joto hupanda kichwani mwa pistoni, masizi hujaa kwenye plagi na kwenye ringi, na mashine yenyewe hailii kwa sauti ya kutisha. Hunguruma tu kwa unyonge, na nahodha hudhani kuwa inapumzika. Huu ndio ugonjwa tunaouogopa, kwa sababu hauna kelele. Ikiwa hatua ni fupi mno, mambo ni kinyume: mashine hupiga mizunguko kupita mpaka wake, na vyuma vyake vya ndani huvutwa kuliko vilivyotengenezwa kuvumilia. Lakini hapo angalau sauti humwambia nahodha, naye aweza kupunguza mafuta.

Mashine nyingi ndogo huja bila saa ya kuonyesha mizunguko. Ziko saa ndogo za mkononi ambazo waya wake huzungushwa tu juu ya waya wa plagi. Si ghali, na moja yaweza kutumika kwa boti zote za shirika. Mwendo siku hizi husomwa katika simu. Jaribio lifanywe siku za maji mafu, wakati mkondo ni dhaifu, bahari ikiwa shwari. Boti iende masafa kwa upande mmoja kisha irudi kwa njia ile ile, na wastani ndio uchukuliwe. Lifanywe mara mbili: boti tupu ikiwa na watu wawili, kisha boti yenye mzigo kamili. Kila mara mashine zote mbili zisomwe, maana mara nyingi haziko sawa. Tofauti ya mizunguko mia au mia mbili si ajabu. Ikizidi hapo, sababu itafutwe kwanza katika mashine, kabureta au plagi, wala rafadha isilaumiwe.

Tuchukue mfano kwa boti inayofanana na ya Kirongwe. Tuseme rafadha ni za hatua ya inchi 13. Boti tupu, mashine zote mbili zafika 5300. Boti ikiwa na magunia 20 ya kilo 50, yaani tani moja, na watu sita juu yake, zafika 4100 tu, na mwendo ni noti 11. Hesabu ya mtelezo ni hii: zidisha mizunguko kwa hatua, kisha gawa kwa 1215 na kwa uwiano wa gia. Uwiano huo umeandikwa katika kitabu cha mashine. Tuseme ni 2, maana yake mashine yazunguka mara mbili na rafadha mara moja. Basi 4100 mara 13 ni 53,300. Gawa kwa 2430, ni karibu noti 22. Boti yaenda 11. Nusu ya kazi ya rafadha imepotea katika maji. Boti nyepesi iliyokwisha kupanda juu ya maji hupoteza sehemu moja kwa kumi au mbili kwa kumi. Chombo kizito kinacholima maji hupoteza zaidi, na hilo halikwepeki kabisa. Lakini nusu, pamoja na mizunguko 400 chini ya mpaka, ni dalili ya wazi kuwa mashine zimelemewa.

Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 mpaka 200. Katika mfano wetu, tukishuka kutoka 13 mpaka 11, mizunguko yenye mzigo itapanda mpaka 4400 au 4500. Tukishuka mpaka 10, itafika 4700 hivi, nayo ni salama zaidi. Lakini boti ile ile ikirudi tupu kutoka Nyamisati, mashine zilizokuwa zikipiga 5300 zitataka kupiga 5900, na huko ni kupita mpaka wa 5500. Hapa ndipo watu hushindana. Mmoja atasema tuchague hatua ya kati ili tusiumize upande wowote. Sisi twasema chagueni kwa ajili ya mzigo. Boti tupu yaweza kuzuiwa kwa mkono wa nahodha, ambaye atarudisha mafuta kidogo na kufika na petroli iliyobaki. Boti yenye mzigo iliyolemewa haina mkono wa kuisaidia. Shirika lipige alama ya rangi kwenye mkono wa mafuta, mahali ambapo boti tupu hufika 5300, na nahodha aambiwe asipite hapo.

Kwa boti ya Kirongwe basi, kwa maelezo waliyotupa, twaona hatua ya inchi 11 kwa kuanzia, na baada ya jaribio ndipo iamuliwe kama ishuke tena. Wasishangae wakiona kuwa rafadha ya hatua fupi, katika jamii ile ile, mara nyingi ina kipenyo kikubwa kidogo. Ndivyo zinavyotengenezwa, kwani kipenyo kikubwa husukuma maji mengi polepole, na hiyo ndiyo kazi ya chombo cha mizigo. Lakini asije mtu akaongeza kipenyo na kuacha hatua vile vile. Inchi moja ya kipenyo huilemea mashine sawa na inchi mbili au tatu za hatua.

Kuna sababu nyingine ya mashine mbili ambayo watu wa upande wa magharibi wa Mafia wataielewa, kwa kuwa maji yao yanayoelekea Rufiji ni haba na chini ni mchanga na tope. Rafadha moja ya kubeba nguvu nyingi hutaka kipenyo kikubwa, na kipenyo kikubwa hutaka maji mengi. Ukizigawa nguvu kwa mbili, kila rafadha yaweza kuwa ndogo. Wazee wetu waliliona jambo hili mwaka 1915, wakati manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, zilipokuja Mafia ili kuingia katika delta kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito, hazikuzama zaidi ya futi 6 hivi, na kila moja ilikuwa na rafadha mbili.

Sasa tuje kwenye suali la moja au mbili. Mwenye mashine mbili asinunue rafadha moja, isipokuwa ile inayobaki ni nzima na kipimo chake kimehakikishwa kuwa sawasawa na mpya. Iliyolika kwa mchanga imepungua kipenyo na upana, kwa hiyo ni nyepesi kwa mashine yake; mpya ni nzito. Ukifungua mafuta sawa kwa zote mbili, moja itapiga mizunguko mingi na nyingine michache. Ile nzito itachukua mzigo zaidi siku zote, na boti itavuta upande mmoja hata nahodha achoke mkono. Anayetaka kuokoa fedha aiweke ile iliyolika iwe ya akiba. Hiyo ni kazi ya heshima kwa rafadha nzee.

Pia upande wa kuzunguka. Rafadha nyingi ni za kulia, yaani ukisimama nyuma ya boti na kutazama mbele, huzunguka kama mikono ya saa boti inapokwenda mbele. Ziko za kushoto, na mashine kubwa zinazofungwa mbili mbili mara nyingi huwa moja ya kulia na moja ya kushoto, ili kila moja iondoe mvuto wa mwenzake. Mashine ndogo kama hizi za farasi 40 aghalabu zote ni za kulia, na hakuna ubaya. Mvuto mdogo unaobaki hurekebishwa kwa kipezi kidogo kilicho juu ya rafadha. Kwa kweli kwetu visiwani twaona ni afadhali zote ziwe za kulia, kwa maana rafadha moja ya akiba hufaa pande zote mbili. Mwenye mashine ya kushoto lazima achukue akiba mbili. Na akikosea akatia rafadha ya kulia kwenye mashine ya kushoto, akitia gia ya mbele boti itarudi nyuma, na gatini penye watu wengi hilo si jambo la mchezo. Kuitambua ni rahisi: ilaze mezani tundu lielekee juu, tazama panga lililo mbele yako. Likipanda kuelekea mkono wako wa kulia, ni ya kulia.

Lililo muhimu zaidi twalisema sasa, nalo ni safari ya mashine moja. Rafadha zilizochaguliwa kwa mashine mbili zina hatua ndefu kuliko ambayo mashine moja peke yake ingeiweza, kwa kuwa kila moja hubeba nusu ya boti tu. Siku moja ikifa, ile iliyobaki hubeba yote kwa rafadha isiyokuwa yake. Nahodha mwenye hofu hufungua mafuta yote, na hapo ndipo mashine ya pili huuawa. Ifanyeni jaribio hili kabla ya siku yake: boti iwe na mzigo, zimeni mashine moja, iinueni nje ya maji kabisa ili isikokotwe, kisha fungueni ile nyingine polepole mpaka mizunguko isipoongezeka tena. Hapo mafuta yanayozidi ni ya kuchoma tu. Rudini nyuma kidogo ya hapo, na huo ndio mwendo wa kurudia nyumbani, hata kama ni noti 5. Mhesabu pia petroli na saa kwa mwendo huo, si kwa mwendo wa mashine mbili. Tena rafadha ya akiba, ikinunuliwa mpya, iwe na hatua fupi kwa inchi mbili kuliko zile zilizofungwa. Mkiweza kufika nyuma ya kisiwa au kwenye fungu penye maji ya kiunoni, ibadilisheni, na mashine moja itavuta kwa afya. Boti nyingi hubeba akiba iliyo sawa na zile nyingine, na si vibaya, lakini hii twaona ni bora.

Juu ya chuma kinachong'aa, yaani stenlesi, maneno ya mwenye duka si uwongo. Mapanga yake ni membamba, hayapindi upesi, na mchanga huyala polepole sana. Kwa boti nyepesi ya kukimbia ni rafadha nzuri. Lakini ikigonga mwamba, haipindi yenyewe. Pigo huenda ndani, kwenye shafti na gia. Alumini hupinda au kukatika, na kwa kufanya hivyo huokoa kilicho ghali. Fundi mwema huweza kuinyosha mara moja au mbili. Bei ya moja ya stenlesi yaweza kununua za alumini zaidi ya mbili. Kwa vyombo vinavyopita juu ya mafungu na matumbawe, na kutua pwani maji yakitoka, hatuoni haja ya stenlesi. Mapanga manne ni jambo jingine: hushika maji vizuri zaidi boti ikiwa nzito na mawimbi yakitoka nyuma, ila hulemea mashine kidogo zaidi, kwa hiyo hatua ipunguzwe kwa inchi moja. Zikipatikana kwa urahisi, si vibaya kuzijaribu; zisipopatikana, matatu yatosha.

Kabla ya kufunga rafadha mpya, zimeni mashine na kung'oa waya za plagi, hata kama mmetoa ufunguo. Kabari ya mti iwekwe baina ya panga na bapa la juu ili rafadha isizunguke. Washa za mbele na nyuma zipangwe kama zilivyotoka. Washa nene iliyo baina ya kitovu na nyumba ya gia ikisahauliwa, rafadha itasaga nyumba hiyo. Shafti isafishwe na kupakwa grisi kwenye meno, nati ikazwe, na pini ya kufungia nati iwe mpya, ya chuma kisichoshika kutu. Mtazame vizuri kama kuna mshipi wa nailoni uliojiviringa nyuma ya washa. Mshipi huo, ambao katika bahari yetu uko kila mahali, hukata mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia, na mwenye boti hana habari mpaka gia zimekwisha. Dalili yake ni oili ya gia kuwa nyeupe kama tui. Kila rafadha inapotolewa, ifunguliwe skrubu ya chini na oili itazamwe.

Ndani ya kitovu kuna bushi ya mpira iliyoshikwa kwa nguvu, kazi yake kuteleza rafadha inapogonga kitu kizito. Ikizeeka huteleza bila kugongwa: mashine yalia juu, boti haiongezi mwendo, na fundi anatafuta kosa katika kabureta. Pigeni mstari wa rangi kukata kitovu cha ndani na cha nje pamoja. Baada ya safari chache, mistari miwili ikiwa imeachana, bushi imekwisha, na rafadha hiyo isiwe hata ya akiba.

Wanachama wa Kirongwe wafanye majaribio mawili tuliyoyaeleza kwa rafadha hizo walizo nazo, hata kama zimeharibika, kisha watuandikie: jina na namba ya mashine, uwiano wa gia, hatua waliyoipima, idadi ya magunia na watu, mizunguko ya kila mashine na mwendo. Wengine wenye boti za namna hii nao wanakaribishwa kuleta hesabu zao, na tutazichapisha pamoja ili kila mmoja aone za mwenzake kabla hajatoa fedha.